Nilikubipu Tu Kukusalimu

Msikilizaji wangu, hujambo? ... Habari za tangu wiki jana? ... Na wa nyumbani, hawajambo wote? ...

Nimenyamaza kidogo baada ya kila swali, na fundi mitambo wetu, upande wa pili wa kioo, ameshanitolea macho. Redioni ukimya ni kosa. Zikipita sekunde chache bila sauti, watu wanajua ama mitambo imegoma ama mtangazaji ameanguka kitini. Leo nimenyamaza makusudi, nikakuachia nafasi ya kuitikia. Ufundi huu si wangu, nimeuazima kwa mama yangu, na mbele kidogo nitakueleza nilivyoupata.

Nianze na Jumapili moja. Tarehe 12 Mei 2024, kabla ya adhuhuri, intaneti ilianza kukohoa Tanzania nzima, kisha ikazima kabisa kwa wengi wetu. Kenya, Uganda na Rwanda nao waliisikia. Kebo mbili zilizolazwa chini ya bahari, Seacom na EASSy, zilikuwa zimekatika huko kusini, pande za Msumbiji na Afrika Kusini. Kebo hizi ukiziona utazidharau. Kwenye kina kirefu unene wake hauzidi sana mpira wa kumwagilia bustani. Lakini humo ndimo unamopita ujumbe wangu wa kumwambia mdogo wangu wa Kinondoni anunue sukari. Unakwenda ng'ambo kwanza, unazunguka huko, ndipo unarudi Kinondoni.

Kundi la ukoo wetu mtandaoni lina watu 143. Siku hiyo lilinyamaza kama nyumba iliyohamwa. Na ilikuwa, kwa wale wanaozifuata sikukuu hizi, Siku ya Mama Duniani; watu walikuwa wameandaa picha za maua na maneno matamu, yote yakabaki mikononi. Nikaona basi, nimpigie mama kwa simu ya kawaida, ile ya kupiga namba na kusubiri iite. Iliita mara moja tu. Mama akapokea, na kabla sijatamka shikamoo akauliza, "Nani amekufa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa na hofu kweli. Ikanichukua dakika nzima kumtuliza, kwamba hakuna msiba, nimepiga tu kumjulia hali. "Tangu lini," akasema, "wewe unapiga tu?"

Maneno hayo nimekaa nayo hadi leo, na ndiyo yamenileta hapa jioni hii. Maana nakumbuka chombo kingine kilichokuwa kikitutia hofu vilevile, nacho ni telegramu. Vijana mnaonisikiliza, telegramu ilikuwa ujumbe wa haraka wa posta, na ulilipiwa kwa neno. Kila neno pesa. Sasa Mswahili umwambie alipie maneno! Barua zetu zilikuwa zinaanza na mpendwa baba shikamoo, ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ukifika kwenye jambo lenyewe karatasi imeshageuzwa upande wa pili. Kwenye telegramu yote hayo yalikatwa. MAMA MGONJWA NJOO. Maneno matatu, basi. Ndiyo maana mtu wa posta akionekana anakuja na baiskeli na ile bahasha mkononi, wanawake walianza kulia kabla haijafunguliwa. Ujumbe usio na salamu hauna heri. Hakuna aliyetufundisha hilo darasani, lakini sote tulilijua.

Na salamu zenyewe ukizitazama kwa jicho la mhasibu ni hasara tupu. Hazibebi habari yoyote. Nakuuliza habari za asubuhi, unaniambia nzuri. Habari za watoto, nzuri. Za kazi, nzuri. Hata mtu aliyelazwa na dripu mkononi atakuambia nzuri, kisha ndipo aseme "ila tu". Hakuna nilichojua ambacho sikukijua mwanzo. Ila nimesimama. Nilikuwa nakwenda zangu, nikasimama juani, nikakupa dakika zangu mbili, nawe ukanipa zako.

Redio iliyajua haya mapema. Nyumbani kwetu Korogwe, mkoani Tanga, tulikuwa na redio moja, na betri zikichoka tunazianika juani pamoja na mahindi, jioni zinapata nguvu za kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Na kipindi cha salamu. Mtu ananunua kadi, anajaza jina lake na majina ya anaowasalimu, anaandika na ujumbe, anaituma kwa posta, kisha anasubiri wiki na wiki. Siku mtangazaji anaisoma, huyo anayesalimiwa huenda amekaa naye mkeka mmoja, wanakunywa chai. Nakumbuka jirani yetu alivyoruka siku aliposikia jina lake likisomwa kutoka Dar es Salaam, na aliyemsalimu alikuwa shemeji yake wa nyumba ya tatu. Angeweza kuvuka njia akamwambia. Lakini ile kadi ilinunuliwa.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994, ila kwa watu wa kawaida tuseme ziliingia baada ya 2000. Na hapo ndipo tulipobuni kitu ambacho kampuni za simu hazikukitia kwenye hesabu zao. Tukabuni kubipu. Wenzetu wa Kenya wanasema kuflashi. Unapiga, inaita, unakata kabla haijapokewa. Hakuna neno lililosemwa, hakuna shilingi iliyoliwa, na ujumbe umefika.

Mtafiti mmoja Mmarekani, Jonathan Donner, alikwenda Rwanda akakaa na wafanyabiashara wadogo na wanafunzi wa chuo kikuu akawauliza habari za kubipu, na mwaka 2007 akachapisha makala juu ya kanuni zake. Ndiyo, kanuni. Aliye nacho ndiye anayepiga, asiye nacho ndiye anayebipu. Na mwanaume anayemtaka msichana, ole wake ambipu. Atakuwa ametangaza umaskini wake au ubahili wake, na msichana atachagua mwenyewe kipi kibaya zaidi. Nilipoyasoma hayo nilijisikia kama mtu aliyeona picha yake kwenye gazeti la nchi nyingine. Kumbe Kigali na Korogwe tulikuwa na katiba moja bila kuandikiana.

Kwetu nyumbani, bip moja ilikuwa nimefika salama. Mbili, nipigie, kuna jambo. Na kila jioni, watu wakishatoka msikitini kuswali magharibi, mama alikuwa ananibipu mara moja. Hiyo haikuwa na jambo. Hutakiwi kupiga, na Mungu apishe mbali usije ukaipokea, maana salio lake litaliwa na atakununia siku mbili. Kulikuwa na watu wabaya, mnawajua, walikuwa na kazi ya kudaka bip za wenzao, kidole kiko kwenye kitufe muda wote. Mama alikuwa hodari zaidi yao. Aliachia nusu mlio, kriiing, amekata. Siku nikimwona namuuliza, "Mama, ulikuwa unataka nini jana?" "Aa, nilikubipu tu kukusalimu."

Sekunde moja, bila neno hata moja. Lakini ilibidi aitafute miwani, aivae, atafute jina langu kwenye simu yenye kioo kidogo kama ukucha, abonyeze, ategee, akate. Nilikuwa nikiisikia simu ikilia hivyo mfukoni kwenye daladala, nimebanwa mlangoni Manzese, najua kwamba kuna mtu Korogwe muda huu huu amevaa miwani kwa ajili yangu.

Sasa nije kwenye fedha, na hapa nitajitaja kwa ubaya, maana nisipojitaja mimi nitamtaja nani?

M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, mwaka uliofuata ikavuka mpaka ikaingia kwetu. Mwanzo wake hauzungumzwi sana. Mwaka 2005 walipokuwa wanaijaribu kule Nairobi na Thika, kwa watu wasiofika hata elfu moja, haikukusudiwa kuwa ya kutumiana. Ilikusudiwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Wale watu wakapewa chombo cha kulipia deni, wakakigeuza. Huyu akamtumia mama yake nauli, yule akamlipia mwenzake. Wenye mradi wakatazama watu wanavyofanya, wakaacha mipango yao, wakazindua huduma kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Mimi napenda sana habari hii. Mara nyingi tunazungumza kana kwamba teknolojia inashuka kama mvua na sisi kazi yetu ni kulowa. Thika hawakulowa. Walikinga ndoo.

Lakini kile chombo cha kutuma pesa nyumbani kilinifundisha na kutokwenda nyumbani. Miaka michache nyuma rafiki yangu wa utotoni alifiwa na baba yake, huko huko mkoani Tanga. Yule mzee ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, alinishika tandiko la nyuma akakimbia nami hadi gereji. Kutoka Dar hadi Tanga mjini ni kama kilomita 350, asubuhi unaondoka, jioni umeshakaa matanga. Nilikuwa na kazi. Kazi gani, sasa hivi hata siikumbuki. Nikatuma 50,000, nikaweka na ya kutolea, nikaandika poleni sana, Mungu amlaze mahali pema, nikajiona nimezika.

Baadaye nilifika kwao. Rafiki yangu akanionyesha daftari la rambirambi, lile la mistari la shule, jalada limetoka. Jina langu lipo, mbele yake 50,000, mwandiko mzuri. Akanishukuru. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma ambako kulikuwa na orodha nyingine, haina fedha. Waliochimba. Waliochota maji. Aliyeazima jembe. Jirani mmoja, muuza mkaa, ameandikwa "alilala hapa siku 3". Rafiki yangu hakusema neno juu ya ukurasa ule. Alinionyesha tu, akalifunga daftari, akaniuliza kama nitakula.

Lakini tusilihukumu lile daftari kwa upande mmoja. Kwenye ule ukurasa wa fedha kulikuwa na jina la dada mmoja wa kwao anayefanya kazi za ndani Dubai. Yeye alituma kidogo kuliko mimi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuja. Hati yake ya kusafiria haikuwa mkononi mwake. Kwake ile miamala ilikuwa daraja. Kwangu mimi wa kilomita 350 ilikuwa mlango wa nyuma wa kutokea. Chombo ni kile kile.

Huyu dada wa Dubai ndiye aliyenifanya niuheshimu ujumbe wa sauti. Kwenye Falme za Kiarabu kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa, lakini ujumbe wa sauti unapita. WhatsApp iliuweka mwaka 2013, na kufikia mwaka 2022 kampuni yenyewe ilisema watu wanatumiana bilioni 7 kwa siku. Mmoja wa waasisi wake, Jan Koum, alihamia Marekani kutoka Ukraine mwaka 1992 akiwa na miaka 16, baba yake akabaki nyuma. Kwa hiyo kuachana na mtu wako alikujua. Basi huyu dada usiku, nyumba ya matajiri wake imelala, anajifunika shuka na kumnong'oneza mwanawe aliyeko Tanga. Anamhadithia sungura na fisi, kila usiku kipande. Mtoto ana miaka sita. Usiku mama akichoka asipotuma, mtoto hadai kipya, anachagua mwenyewe cha zamani, anakiweka chini ya mto, analala nacho. Bibi yake aliniambia mtoto anazijua hadithi hizo kwa kukohoa kwa mama yake. Anasema nataka ile ya kikohozi.

Nami mama yangu siku hizi ana simu ya kupangusa na bando la wiki. Bip zikapungua, zikaja sauti. Sauti ya mama ni dakika nne, wakati mwingine sita. Na ndipo nifike kwenye ule ukimya niliokuonjesha mwanzo. Mama anajirekodi hivi: "Hujambo mwanangu?" Ananyamaza. Anasubiri. Unasikia jogoo wa jirani, unasikia pikipiki inapita. "Haya. Na mkeo hajambo?" Ananyamaza tena. "Alhamdulillahi. Watoto wanakwenda shule?" Kimya. Ananiachia nafasi ya kuitikia! Anajua fika kwamba simsikii wala hanisikii, amefundishwa mara kumi, lakini kumsalimu mtu usimpe nafasi ya kujibu kwake ni utovu wa adabu, na hawezi kuwa mtovu wa adabu kwa sababu ya mashine.

Mimi je? Mwaka 2021 WhatsApp waliweka kitufe cha kuongeza kasi. Moja na nusu, au mara mbili. Nami nikawa namsikiliza mama yangu mara mbili. Dakika sita zinakuwa tatu. Sauti inakuwa nyembamba kama ya chiriku, na zile nafasi zake zinabanwa hata jogoo anawika kama anafukuzwa. Nilifanya hivyo zaidi ya mwaka, nikijiambia ninachotaka ni taarifa. Na taarifa haikuwemo, maana alikuwa ananisalimu.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966 kwenye Sauti ya Kenya, akawauliza watu wa Afrika Mashariki kwa miongo mingi swali hilo hilo moja juu ya mambo madogomadogo ya maisha. Natamani ningempata nimuulize. Kumsikiliza mamako mara mbili, mzee, huu ni ungwana?

Kuna kitu kimoja kuhusu mwaka huo wa 1966 kinachonisumbua. Wakati Mbotela anaanza Nairobi, kule Massachusetts mwalimu wa chuo cha MIT, Joseph Weizenbaum, alichapisha maelezo ya programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Ilikuwa programu ndogo, isiyojua kitu. Unaiandikia, inakurudishia maneno yako kwa mtindo wa swali. Ukisema mama yangu hanipendi, inakuuliza ni nani mwingine katika familia yako asiyekupenda. Basi. Weizenbaum alieleza baadaye kwamba katibu wake, aliyemwona miezi yote akiitengeneza na aliyejua vizuri kwamba ni mashine, alizungumza nayo kidogo tu, kisha akamwomba bosi wake atoke chumbani ili wabaki wawili. Weizenbaum hakufurahi. Alishtuka, na miaka iliyofuata akawa mkosoaji mkubwa wa watu wa fani yake.

Leo watoto wa ELIZA wapo mifukoni mwetu. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, hii tunayoiita akili mnemba, wengine akili unde, imekuwa inaandika Kiswahili kinachosomeka. Nami sitaki kuingia kwenye ubishi wa kama inafikiri au haifikiri. Nitakuambia yaliyotokea kwenye kundi la ukoo.

Nina mpwa wangu yuko chuo. Miaka yote anamwandikia bibi yake "xkamoo bibi", kwa ile eksi yao, kisha "vp uko poa", mstari mmoja, wakati mwingine na picha ya paka. Bibi yake alikuwa akilalamika, mtoto gani anaandika kama ameng'oka meno. Mwaka jana, siku ya kuzaliwa ya mama, ikaingia aya. "Shikamoo bibi mpendwa. Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mwenye afya tele na furaha isiyo kifani. Wewe ni nguzo na taa ya familia yetu." Na kuendelea hivyo, nukta mahali pake, mkato mahali pake. Kundi zima likapiga makofi. Baada ya nusu saa mama akanipigia simu, amepiga kabisa, hakubipu. Sauti ya chini.

"Huyu mtoto anaumwa?"

"Haumwi, mama. Kwa nini?"

"Mbona hasemi kama yeye?"

Nikamweleza kuna programu, unaiambia nataka maneno ya kumpongeza bibi, inakuandikia. Akanyamaza, nami nikaitikia ule ukimya kwa mara ya kwanza, nikasema naam, mama. Akauliza, "Kwa hiyo yeye alifanya nini?"

Nilimjibu kwamba alinakili akatuma. Jibu lilikuwa sahihi na lilikuwa baya.

Sasa, mtu mwerevu atanikamata hapa. Ataniambia wewe mwenyewe umesema salamu hazina habari ndani yake, nzuri, nzuri, salama, salama. Hiyo si mashine? ELIZA na mama yako wana tofauti gani, wote wanarudisha swali? Nakiri swali hili limeninyima usingizi kidogo. Jibu langu ni ule ukurasa wa nyuma wa daftari. Kinachoandikwa pale si maneno ya mtu, ni kitu kilichomtoka: siku zake tatu, jembe lake, mgongo wake. Eksi ya mpwa wangu ilikuwa kitu kidogo, uvivu mtupu ukitaka, lakini kilimtoka yeye, kidole chake kilikwenda pale. Mashine ikiniandikia rambirambi nzuri kuliko zangu, mimi sina ugomvi na uzuri wake. Ninachouliza ni kile mama alichouliza.

Na wapo watakaoitumia vizuri, sina shaka. Asiyejua kuandika ataiambia kwa mdomo imwandikie barua ya kuomba kazi. Asiyeona atasomewa. Watu wa Thika hawajafa, watu watakinga ndoo. Mimi nazungumzia salamu tu.

Na wezi nao hawajalala. Nani kati yetu hajapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Tunaucheka, tumeutungia hadi vichekesho. Lakini ujumbe ule ukija na sauti ya mamako? Sasa hivi programu za kuiga sauti zinatosheka na kipande kifupi tu cha sauti yako, na mimi mwenzenu sauti yangu imezagaa hewani miaka na miaka. Basi familia yetu tumekubaliana neno la siri. Mtu akipiga anaomba fedha kwa dharura, anaulizwa neno. Mama ndiye aliyelichagua, na siwezi kulitaja hapa, ila nitasema ni jina la mbuzi aliyekufa zamani, na mashine zote za Marekani zikikusanyika hazitampata.

Wengine walikuwa na shaka kama mama atalikumbuka. Tulipomjaribu, kaka yangu alimpigia akijifanya mwizi, akabana pua. Mama akamsalimu kwanza. Hujambo baba, habari za huko, umeshakula? Yule kaka akashindwa, akaanza kujibu kama kawaida yake, akakamatwa kwenye "shikamoo".

Fundi ananionyesha vidole viwili, nimebakiwa na dakika mbili na sina la kuzijazia. Mama anasikiliza kipindi hiki kila wiki, kwenye redio ile ile ya betri ingawa sasa ana umeme na simu ya kupangusa. Tangu nianze kutangaza tuna utaratibu wetu, na bando halikuuvunja. Kipindi kikiisha nikatoka studio na kuitazama simu, nakuta bip. Moja, amesikia, ni salamu, hutakiwi kupiga. Mbili, nimekosea mahali. Leo nimemtaja sana bila kumwomba ruhusa, na mbuzi nimemtaja pia.

Natabiri mbili. Usiku mwema, msikilizaji ...